Bi Rangi na Kona Baridi

Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali, huko ambako wachoraji wa majengo huwapeleka wale waliosahauliwa kwenye ramani. Ukitoka kwenye lifti unapita stoo ya mashuka, unapita chumba cha mitungi ya hewa, unapita mlango mzito wa chuma wa mashine ya mionzi, na pale korido inapoonekana kuchoka na kutaka kuisha, mkono wa kushoto, kuna mlango usio na kibao. Kibao kiliwahi kuwepo, kikadondoka, na hakuna aliyejisumbua kukirudisha kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtafuta mtu mle ndani. Dirisha hakuna. Mvua ikinyesha, mwenye chumba huijua kwa kuona viatu vya wenzake.

Wauguzi walimwita Bi Rangi, na jina likamganda. Kila aliyefungua mlango ule alimkuta ameikodolea macho kompyuta iliyojaa nyekundu, chungwa, manjano, kijani na buluu, tabaka juu ya tabaka, zimetandazwa juu ya picha ya mwili wa mtu uliokatwa vipande vyembamba, si kwa kisu bali kwa mashine ya picha. Vyeti vyake vilisema ni mtaalamu wa fizikia ya tiba. Mdogo wake wa kike, aliyeishi mji mwingine na mume na watoto wengi, akiulizwa dada yako anafanya kazi gani, alijibu kwamba anawapaka watu rangi hospitalini, na kusema kweli hakuwa mbali sana.

Tuieleze kazi yenyewe mapema, tusije tukapotezana. Daktari anachora mstari kuuzunguka uvimbe, kipande kwa kipande, kama kusema hapa ndipo pa kuchomwa. Bi Rangi anapanga miali ipite pembe zipi na kwa nguvu gani, ili uvimbe upate dozi yake na majirani zake wasiungue. Kwenye kikao cha asubuhi na madaktari inasikika rahisi. Lakini mionzi haina adabu. Ukiisukuma hapa inachomoza kule. Hakuna mwili unaopata dozi sawasawa kila mahali. Kuna sehemu zitazidi na kuna sehemu zitapungua, watake wasitake, na kazi yake hasa ilikuwa kukaa mbele ya huo mparaganyo na kuuhukumu: upungufu huu unavumilika, au hauvumiliki? Ziada hii itaharibu nini?

Na hukumu hazifanani. Uti wa mgongo huhukumiwa kwa pale palipoungua zaidi. Nukta moja ikizidi, mtu hatembei tena, hata kama kwingine kote ni salama salimini. Tezi la mate huhukumiwa kwa wastani. Liunguze nusu, liachie nusu, litanung'unika kidogo kisha litaendelea kutoa mate. Uvimbe wenyewe huhukumiwa kwa kona yake yenye baridi kuliko zote, yaani pale miali ilipofika kwa uchache. Upe dozi kamili kila upande, usahau kijipembe cha ukubwa wa harage, na ndani ya kijipembe hicho ndimo uvimbe utakamoanza upya, kwa raha zake. Ndiyo maana Bi Rangi alikuwa na ugomvi wa binafsi na neno wastani. Likitamkwa kikaoni juu ya uvimbe, alikunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye chakula.

Kwa miaka mingi aliyofanya kazi hiyo, alikuwa ameona ndani ya shingo, vifua na matumbo ya watu wengi kuliko mtu yeyote wa mtaani kwake. Alijua mgongo wa nani umepinda na moyo wa nani umekaa kushotoni kupita kawaida. Lakini wenye migongo hiyo wangeweza kukaa pembeni yake kituoni na asiwajue, wala wao wasimjue. Utaratibu wa idara ulikuwa hivyo: mgonjwa anamwona daktari, anawaona wauguzi, anawaona wanaoendesha mashine. Mpangaji anapata picha. Na wale waliopona hawakuwa na sababu ya kurudi. Picha ya mtu ikitokea tena kwenye orodha yake, ilikuwa imekuja na habari mbaya. Wengine hufurahi kukutana na jina wanalolifahamu; yeye jina analolifahamu lilimkata maini.

Nyumbani aliishi na redio. Alibishana na msoma habari, akamwambia mtabiri wa hali ya hewa kwamba ni mwongo, akazima, akalala. Jumapili mdogo wake alipiga simu na kuipitisha kwa watoto mmoja mmoja: msalimie mama mkubwa. Kila mtoto alisalimia na kukimbia, na mama mkubwa akabaki ameishika simu akisikiliza vishindo vya miguu yao. Alikuwa mpweke, tusizunguke. Hakuwa amekataliwa na mtu, hakuwa ameachwa na mtu. Siku zilikuwa zimepita huku akiangalia ndani ya watu, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwangalia yeye.

Hadi siku ile Dalali alipopotea njia.

Alikuwa mtu mpana, amefunga tai, mashavu yamechorwa alama za wavu. Alitoka kutengenezewa barakoa, ile ya plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto na kukandamizwa usoni ili kichwa kisitikisike kwenye mashine. Binti yake alikuwa juu, amepanga foleni ya karatasi. Dalali alifungua mlango bila kubisha, akasema, "Samahani dada, natafuta njia ya kutokea."

"Hapa huwa hatoki mtu," alijibu Bi Rangi, na akashangaa mwenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomtania mtu ambaye hakuwa ndani ya redio.

Yule bwana akacheka, akaketi bila kukaribishwa. Akasema yeye ni dalali, ana uwanja wa mnada nyuma ya soko la zamani, anauza fanicha za watu waliohama na za watu waliofariki, na kwamba tangu ujana wake hajawahi kukaa kimya kwa muda mrefu kama walivyomlazimisha leo chini ya ile plastiki. Macho yakamwangukia feni la mezani, ambalo lilikuwa limezeeka vibaya. Akasimama, akasafisha lile koo lake lenye ugonjwa, akaanza: "Feni hili, mabibi na mabwana, halipoozi kitu, lakini linapiga soga mchana kutwa. Mwenye upweke ananianzia kwa ngapi?" Akalipandisha bei peke yake, akajibizana na wanunuzi wasiokuwepo, akamkemea mmoja wao kwa ubahili, na Bi Rangi alicheka mpaka mtu wa stoo ya mashuka akaja kuchungulia kama kuna mtu amepatwa na jambo.

Baada ya hapo, kila alipoletwa kwa vipimo, Dalali alishuka. Hakuna aliyemruhusu na hakuna aliyemkataza. Alisimulia habari za makabati yaliyouzwa yakiwa na paka ndani, na za mjane aliyeuza kitanda asubuhi akakinunua tena mchana. Mke wake alifariki zamani. Alimlea binti yake katikati ya fanicha za watu. Bi Rangi alisikiliza. Akajikuta anachana nywele vizuri zaidi siku za vipimo, na kujicheka kwa hilo.

Siku moja Dalali aliomba kuiona shingo yake. Hilo halikuruhusiwa, na Bi Rangi aliijua sheria vizuri. Akaifungua picha hata hivyo. Yule mwenye maneno mengi akasogeza kiti karibu. Bi Rangi akamwonyesha uvimbe kwenye shina la ulimi, mstari mwekundu wa daktari, matezi ya mate yaliyo chini ya masikio, moja kila upande. La kulia lilikuwa limeshazungukwa na ugonjwa, halikuwa na mtetezi. La kushoto lilikuwa zima, ila uvimbe ulikuwa umelinyooshea kijipembe, ukaligusa.

"Kwa hiyo hili ndilo la kunitilia mate mdomoni," alisema Dalali.

"Ndilo lililobaki."

"Basi hilo niachie, dada. Bila mate mimi si dalali. Ni mtu tu aliyesimama karibu na fanicha."

Alipaswa kumjibu kwamba hawezi kuahidi. Alijibu, "Nitajaribu." Neno lenyewe dogo, lakini lilimkaa rohoni kama deni.

Sasa, kompyuta za kazi hii ni kaidi, na wapangaji wana ujanja wao wa kuzitiisha. Ndani ya mstari wa daktari unachora mstari wako mwingine, mdogo, ukikikata kile kijipembe kinachogusa tezi. Unaiambia mashine ijaze huu mdogo kwanza, ilihurumie tezi, kisha taratibu unaisukuma irudi pembeni. Huo unaitwa mstari wa msaada, na kazi yake ni kama ya kiunzi cha fundi mwashi: unasimamia hapo ukijenga, ukimaliza unakibomoa. Hesabu ya mwisho hupimwa kwa mstari wa daktari, si kwa wako. Hili hufundishwa wiki ya kwanza, na Bi Rangi mwenyewe alikuwa amewafundisha wengi.

Alihangaika na mpango wa Dalali kuliko mpango wowote. Aligeuza pembe za miali, akapunguza hapa, akaongeza pale, akala mkate juu ya kibodi. Mwishowe ukatoka mpango mzuri kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Tezi la kushoto lilipona. Uvimbe, kwa mujibu wa jedwali, ulipata dozi kamili. Aliupeleka kwenye kikao cha asubuhi, daktari akaupitia, akamsifu mbele ya watu, akatia saini. Matibabu yangeanza Jumatatu.

Ijumaa mchana wenzake waliondoka mapema kama kawaida yao. Yeye hakuwa na haraka ya kwenda kumsikiliza msoma habari. Akaufungua tena ule mpango. Hakuufungua kuukagua, aliufungua kama watu wanavyofungua picha za ndugu zao kwenye simu. Alimkumbuka yule mtu, basi. Akawa anapitisha vipande taratibu, kidevu, ulimi, koo, akitabasamu peke yake, mpaka alipofika karibu na pembe ya taya la kushoto. Pale, ndani ya mstari mwekundu wa daktari, palipotakiwa rangi ya moto, palikuwa na buluu, rangi ya dozi pungufu.

Alidhani macho yamechoka. Akatazama jedwali: dozi kamili. Akatazama picha: buluu. Kisha akasoma jina la mstari uliopimwa kwenye jedwali. Ulikuwa mstari wake. Alikuwa amekikata kijipembe, halafu akakiuliza kilichobaki kama kimeshiba, nacho kikamjibu kimeshiba.

Kosa la mwanafunzi, na yeye ndiye mwalimu. Lakini kilichomtisha si hicho. Kilichomtisha ni kwamba hakuweza kuapa kwamba lilikuwa ni kuteleza tu. Mkono ulikuwa umekosea kule kule moyo ulikotaka kwenda.

Na tusimfanye malaika. Alifikiria kunyamaza. Kona yenyewe ilikuwa ndogo, na wastani wa uvimbe mzima ungebaki safi. Saini ilikuwa imeshatiwa. Ugonjwa ukirudi baada ya miaka miwili, kila mtu angesema ndivyo magonjwa haya yalivyo, na miaka hiyo miwili Dalali angepiga mnada kwa mdomo wake wote. Wapo watu ambao wangeichagua miaka miwili ya namna hiyo. Lakini hajapewa kuchagua, alijiambia. Nimechagua mimi, nikamficha. Akajikaza kisabuni, akampigia daktari simu.

Daktari alikuwa ameshafika getini. Akarudi, akashuka, akavuta kiti, akatazama. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Bi Rangi zaidi kuliko kama angefokewa. Alisema hata yeye alitia saini bila kusoma jina la mstari. Akasema pia, kwa haki kabisa, kwamba kona ni ndogo, wastani ni mzuri, mgonjwa ana matakwa yake, na kwamba wapo madaktari ambao wangeukubali mpango huu wakijua na wakalala usingizi.

"Uvimbe hausomi wastani, daktari," alisema Bi Rangi.

Daktari akazungusha kalamu. Halafu akasema, "Huu si uamuzi wako, wala si wangu. Ni wake. Jumatatu nitamwita kabla hatujaanza, na utamweleza wewe, kwa sababu hiyo kona unaijua kuliko mimi."

Bi Rangi alitaka kukataa. Tangu aajiriwe hakuwahi kuingia chumba cha ushauri. Jumamosi alikuja kazini akatengeneza mpango wa pili, ule wa kuijaza kona, na akaona kwa macho yake jinsi rangi ya moto ilivyolilalia tezi la kushoto hata lisionekane. Jumapili mdogo wake alipopiga simu alimsikia sauti si yake, akamuuliza kulikoni. Kazi tu, alisema. Mdogo wake akamwambia anajichosha bure, kwamba hospitali haitamzika, akampa simu mtoto, mtoto akasalimia akakimbia.

Chumba cha ushauri kilikuwa na dirisha kubwa, na mwanga ulimuumiza macho. Dalali alikuwa amekaa na binti yake, tai shingoni. Alipomwona uso ukamchangamka. "Bi Rangi, umepanda juu. Kumbe una miguu." Binti akatabasamu kwa adabu. Daktari hakutabasamu, na Dalali, ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma nyuso za watu, akajiweka sawa kwenye kiti.

Bi Rangi akasema alikosea. Alilisema mwanzoni kabisa, kabla hajapata nafasi ya kulizunguka. Akaeleza mistari miwili, akaona hawamwelewi, akaacha. Akafikiri kidogo, kisha akamuuliza: kabati likishikwa na mchwa miguu yote, wewe unafanyaje? Dalali akajibu kwamba unalipaka dawa. Na fundi akipaka miguu mitatu ikalowa, wa nne akaupaka nusunusu?

"Kwa wastani," alisema Bi Rangi, "kabati limepakwa vizuri."

Dalali hakuhitaji la ziada. Alitazama chini. Binti yake alikuwa ameanza kufuta macho kwa upande wa kiganja.

"Na huo mguu wa nne ndio uko kwenye tezi langu," alisema.

"Ndiyo."

"Mkiupaka, mate?"

"Yatakwenda. Yanaweza kurudi kidogo, baada ya muda mrefu. Kuongea utaongea. Kupiga mnada, sidhani."

"Na nitapona?"

Hapo daktari ndiye aliyejibu. Alisema nafasi itakuwa kubwa zaidi, lakini hakuna karatasi ya dhamana ya kumwandikia.

Dalali akageukia dirisha. Huko nje watu walikuwa wanaegesha magari na kugombana juu ya nafasi, mambo ya kawaida. Akauliza bila kumtazama mtu, "Ingekuwa shingo yako, dada?"

Swali hilo Bi Rangi alikuwa amejiuliza wikiendi nzima, na jibu lilikuwa limemtia huzuni. "Mimi usinifanye kipimo," alisema. "Mimi mdomo wangu hauna kazi nyingi."

Dalali akamgeukia. Siku zote alimtazama kama mtu anavyotazama wanunuzi waliochangamka. Safari hii alimtazama yeye. Kisha akamwambia daktari, "Pakeni miguu yote minne."

Matibabu yalichukua wiki saba, kila siku ya kazi. Wiki ya kwanza Dalali alipitia mlangoni, akaliulizia feni lile kama limeshapata mnunuzi, akaenda zake. Wiki ya pili alitikisa kichwa tu. Kuanzia ya tatu hakusimama tena. Koo lilikuwa limekuwa kidonda. Alikunywa uji kwa mrija na kulia akiumeza. Bi Rangi alimjua kwa mwendo. Alisikia lifti ikifunguka, viatu vyake vikipita stoo ya mashuka, vikipita mitungi, vikisimama kwenye mlango wa chuma, na sauti ya binti yake ikisema kunywa maji kidogo, baba. Sauti ya baba haikusikika. Bi Rangi aliuacha mlango wake wazi, kitu ambacho hakikuwa desturi yake, na kila wakati alijifanya amelielekea jambo kubwa kwenye kompyuta.

Siku ya mwisho aliisikia lifti ikipanda. Akaendelea kukaa mlango ukiwa wazi mpaka mfagiaji akaja na kumuuliza kama amfungie. Alimkosa yule mtu kwa uchungu ambao hakuutarajia, na hakuwa na haki ya kumlaumu. Nani anapenda kurudi kwa mtu aliyemnyima ladha ya chakula? Na zaidi ya hayo, yeye mwenyewe ndiye aliyepaswa kuomba asirudi, maana wanaorudi huko chini hurudi na ugonjwa. Akalijua hilo, akaliomba, na halikumsaidia.

Mwaka ulipokwisha, daktari alishuka siku moja saa za chakula, akaegemea mlango. Picha za Dalali zimetoka, alisema, safi. Bi Rangi akazifungua mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya taya la kushoto. Palikuwa na nyama ya kawaida, imetulia, haina habari. Akageuka kutaka kusema neno, daktari ameshaondoka kwenda kula. Alifurahi sana, na furaha yenyewe hakuwa na wa kumpa.

Jumamosi akaenda kwenye mnada. Njiani alijidanganya kwamba anatafuta rafu ya vitabu.

Uwanja ulikuwa wazi, jua kali, fanicha zimerundikwa kama nyumba nyingi zilizomwagwa. Juu ya jukwaa la mbao alisimama binti. Ndiye aliyepiga mnada sasa, na alikuwa hodari. Alimkemea mnunuzi bahili kwa maneno yaleyale ya baba yake, watu wakacheka mahali palepale. Baba mwenyewe alikaa kwenye meza ndogo kando ya jukwaa, chupa ya maji mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Kola ya shati ilikuwa kubwa kuliko shingo. Binti akitaja bei ya mwisho humtazama, naye hugonga.

Bi Rangi alisimama nyuma kabisa. Dalali akainua macho, akamwona. Na Bi Rangi, ambaye alikuwa amekaa mwaka mzima akiipanga salamu hiyo kichwani, akafurahi mno hata mkono ukanyooka wenyewe hewani.

"Mama pale nyuma," alisema binti. "Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Dalali aliutazama mkono ule, akamtazama mwenye mkono, pembe ya mdomo ikamcheza, akagonga nyundo. Vilikuwa viti sita vya mbao nyeusi, vya mezani, vyenye migongo mirefu.

Akaja kwake polepole, akinywa funda moja kabla ya kila sentensi. Sauti iliyobaki ilikuwa kama msasa juu ya ubao. "Bi Rangi. Una wageni?"

"Nilikuwa nakusalimia."

"Najua. Nimeshindwa kujizuia." Akacheka bila kutoa sauti, mabega tu. "Nifute?"

"Usifute."

Wakasimama. Bi Rangi alikuwa na maswali mengi na hakuliona la kuanzia, lakini Dalali akayajibu bila kuulizwa. Chakula hakina ladha. Usingizi unakatika kwa kiu. "Siku nyingine nakuchukia kidogo," alisema. "Halafu yule anapanda pale juu, namsikiliza, nasahau." Akanywa maji. "Kule chini sitakuja tena, dada. Hata kukujulia hali. Miguu inakataa."

"Usije," alisema Bi Rangi. "Usije kabisa."

Dalali akamtazama, akaelewa kwamba ametakiwa afya. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ule wenye chupa pamoja, akaulowesha. Kisha binti akatangaza kabati linalofuata, naye akarudi kwenye meza yake.

Viti vililetwa kwa mkokoteni. Mtu wa mkokoteni aliviingiza viwili viwili, akauliza vikae wapi, Bi Rangi akamwambia popote, akavipanga ukutani. Jumapili mdogo wake alipopiga simu, Bi Rangi alimwahi kabla hajaipeleka kwa watoto, akamwambia kwamba amenunua viti.

Vingapi?

Sita.

Huko nyuma watoto walisikika wakigombea zamu ya kusalimia. "Dada," alisema mdogo wake taratibu, "viti sita vya nini? Unaishi na nani?"

Bi Rangi akaviangalia vilivyojipanga ukutani, vyote vitupu, vinamwelekea.

"Kuna mtu nilitaka kumsalimia," alisema.